Gogo la Athumani

Ijumaa moja mwezi uliopita niliombwa nimsamehe maiti. Nilikuwa nimesimama katika ua wa msikiti mmoja wa katikati ya jiji, nimevua viatu nikavishika mkononi ingawa hakuna aliyeniambia nivue, mzee wa kanisani katikati ya watu wa kanzu na kofia. Jeneza lilikuwa mbele yetu, limefunikwa kitambaa cha kijani. Salim, mtoto mkubwa wa marehemu, alisimama kando yake akasema yale wanayoyasema wao kabla ya sala: kama kuna anayemdai baba yetu aje kwetu, na kama kuna aliyekosewa naye, tunamwombea radhi. Watu wakaitika kwamba wameridhia. Nikadhani yamekwisha. Salim akaendelea, "Kuna mtu mmoja baba alimtaja kwa jina. Alikuwa dereva wake. Bwana Mbugua, uko hapa?" Nikasema niko. "Baba amekuachia neno. Anakuomba umsamehe kwa siku ile ya Lavington, kwa kuchelewa na gogo. Umemsamehe?"

Vichwa vikageuka. Palikuwa na kimya kifupi, lakini cha kutosha mtu mzima kusema maneno matano ya kweli. Nikasema, "Nimemsamehe." Mzee aliyekuwa karibu yangu akanishika bega, akaniombea heri. Baada ya sala jeneza likainuliwa, likapita mbele yangu kwa umbali ambao ningeweza kunyoosha mkono nikaligusa, likaelekea makaburini Kariokor, nami nikabaki uani nikifunga kamba za viatu. Athumani hakuchelewa na gogo. Nilijua hivyo siku ile ile, nikanyamaza kwa zaidi ya miaka arobaini, na hata alipokuwa amelala pale mbele ya watu bado nilimwacha yeye aniombe radhi. Mengine ya maisha yangu nimeyaeleza kwingine. Hapa nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na minne, leseni ya lori iliyotoka juzi, na cheti cha kidato cha nne ambacho nilikibeba kichwani kama taji.

Nilikuwa nikiendesha lori la mchanga la Mzee Gatheru. Yadi yake ilikuwa nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, kiwanja cha matope chenye vilima vitatu vya mchanga, mizani mbovu, na chumba cha mabati alichokiita ofisi. Lori langu lilikuwa la zamani, pua ndefu, mbao tatu kila upande wa bodi, na mbao hizo ndizo zilizokuwa kipimo chetu. Mteja wa kawaida alipelekewa mchanga hadi ubao wa tatu. Siku nilipokabidhiwa lori nilikabidhiwa pia utingo, ambaye madereva walimwita taniboi, na huyo ndiye Athumani. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkavu, amezaliwa pwani akaja Nairobi kumfuata shemeji yake mwenye duka la nguo. Kazi ya utingo ilikuwa kupakia, kupakua, na kushuka kila tulipokwama mlimani ili aweke kitu nyuma ya gurudumu gari lisirudi. Utingo wengine waliokota jiwe lolote barabarani. Athumani alikuwa na gogo lake, kipande cha boriti ya mkoko alichotoka nacho kwao, kizito kama chuma, amekichonga upande mmoja kuwa mteremko na kukifunga kitanzi cha kamba. Kilining'inia kwenye ndoano chini ya bodi, nyuma ya mlango wangu, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia wala kupasulia kuni juu yake.

Siku ya kwanza alinieleza lugha yake kabla hata hajaniuliza jina. "Dereva, mimi nikiwa nyuma hunioni, na mvua ikinyesha hunisikii. Kwa hivyo nitapiga ubao. Kofi moja, simama, shika breki zote mbili, usiachie. Makofi mawili, gogo liko. Hata nikipiga mawili, bado usiachie, mpaka unione kwenye kioo, mzima, mikono yote miwili. Umenielewa, mwanangu?" Nikamwambia nimeelewa, nimesoma. Akacheka. "Basi mimi sikusoma, ndiyo maana nahesabu mpaka mbili tu."

Mwaka ule nilikula vizuri kuliko nilivyopata kula kabla yake, na harufu za vyakula hivyo bado zinanijia. Mchana tulikula kwa Mama Wairimu, kibanda cha mbao kando ya stendi, githeri yenye viazi na chai iliyochemshwa mpaka ikawa nyekundu. Madereva walikaa benchi moja wakasemana. "Mbugua, hiyo mchanga ulipeleka jana ni ya nyumba ama ya mtaa mzima?" aliuliza mmoja, na benchi lote likacheka, nami nikajiona mkubwa, kwa sababu kubeba kuliko wenzako ndiyo ilikuwa sifa. Tulikuwa na imani yetu pia, na sijui aliyeianza. Tuliamini kwamba lori tupu ndilo linaloteleza kwenye maji, na lori zito linashika barabara, basi mvua ikinyesha mwanamume anaongeza mzigo badala ya kupunguza. Niliona kwa macho yangu kwamba ni kweli. Kwenye Ngong Road yenye maji, nikiwa nimejaza, usukani ulitulia mikononi kama ng'ombe aliyeshiba. Hakuna aliyeniambia, na sikujiuliza, kwamba kinacholifanya gari litulie likienda ndicho kinacholizuia lisisimame. Athumani peke yake ndiye aliyekuwa akitikisa kichwa. "Wewe mzee," nilimwambia siku moja mbele ya benchi zima, "umezaliwa kwa bahari na unaogopa maji ya mvua?" Alipuliza chai yake. "Nayajua, ndiyo maana nayaogopa. Wewe unayajua ya kwenye ndoo tu." Walicheka mpaka Mama Wairimu akaja kuangalia kama kuna mtu amemwaga kitu.

Jumapili moja alinialika kwake. Waliishi chumba kimoja ghorofani, nyuma ya lile duka la nguo, mitaa miwili kutoka River Road. Ngazi zilikuwa za giza na harufu ya vitambaa vipya, kisha unafungua mlango na chumba ni cheupe, mkeka umetandikwa, mito imeegemezwa ukutani, birika la kahawa juu ya makaa. Mkewe, Bi. Zainabu, alituletea mahamri na mbaazi za nazi, akarudi upande wa pili wa pazia, na kutoka huko akaendelea kuzungumza nasi kama mtu aliye mezani. "Huyu ndiye dereva? Mbona mdogo? Athumani, umempa roho yako mtoto huyu?" Athumani akajibu, "Nimempa makofi mawili tu, roho nimebaki nayo." Salim alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake wakati huo. Nilikula mahamri saba. Sijapata kukaa katika chumba nilichokaribishwa namna ile, na ninapofikiria niliyoyafanya baadaye, chumba kile ndicho kinachonijia mbele kabla ya hospitali, kabla ya barabara.

Mvua za mwaka ule zilikuja mapema na hazikuondoka. Mashimo ya Dagoretti Corner yakawa mabwawa, watu wakivushwa kwa mikokoteni. Wakati huo huo Mzee Gatheru alinunua lori jingine, jipya kuliko yote matatu aliyokuwa nayo, akaliegesha katikati ya yadi kama mtu anayeonyesha bibi harusi. Akatuita madereva. "Kuna kazi ya Lavington," akasema. "Mwenye nyumba ni mtu mkubwa, hataki kelele. Mbugua, hiyo ni yako. Maliza bila mimi kupigiwa simu, na ufunguo wa hii gari utakuwa wako." Kwa wiki mbili nilipeleka mchanga Lavington nikiwa naendesha lori moja na kuliota jingine.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Asubuhi simu ililia ofisini: mchanga umekwisha, mafundi wamekaa. Mzee Gatheru alitoka na uso uliofungwa, akaniangalia, akarudi kusimama dirishani mwa ofisi. Kazi ilihitaji safari mbili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya vile vilima vya mchanga, na ilikuwa bado inanyunyiza. Tukaanza kupakia, vijana wawili wa yadi na Athumani. Mchanga ulipofika ubao wa pili Athumani alisimamisha sepetu yake wima, akaegemea mpini.

"Dereva, hapa panatosha leo."

"Bado ubao mmoja, mzee."

"Mchanga huu umekunywa. Ubao wa pili wa leo ni ubao wa tatu wa jana. Twende na huu, turudi tuchukue mwingine."

"Tukirudi hapa saa nane, hao watu watakuwa wamepiga simu tena."

"Wapige. Simu haiui mtu." Akasogea karibu ili vijana wasisikie. "Mwanangu, kile kilima cha mwisho mimi ndiye ninayekipanda kwa miguu, nyuma ya gari. Wewe umekaa."

Ningeweza kueleza hapa kwamba nilikuwa kijana, kwamba Mzee Gatheru alikuwa dirishani. Ni kweli alikuwa dirishani. Lakini hakufungua mdomo. Aliyefungua mdomo ni mimi. "Uzito ndio unashika barabara," nikasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Kama unaogopa, baki ukunywe chai na Mama Wairimu." Vijana wakacheka. Nikachukua sepetu mwenyewe. Tulijaza ubao wa tatu, na juu yake tukaweka kichuguu, nikakipigapiga kwa mgongo wa sepetu kama mtu anayelainisha ugali. Athumani alipanda kiti cha pembeni. Njiani, kwenye Ngong Road na baadaye tulipokata kuelekea Lavington, lori lilitulia kama siku zote. Nilimwambia, "Unaona?" Yeye alikuwa ameweka kiganja chake kwenye dashibodi, kama mtu anayempapasa mnyama mgonjwa.

Kufika kwenye nyumba ile uliacha lami ukashuka barabara ya murram kati ya kuta ndefu zenye vigae vya chupa juu yake, ukavuka kijito kwenye kalavati lenye kuta fupi za mawe, kisha ukapanda kilima kifupi na kikali hadi lango. Siku zote nilikuwa nikishuka kwa gia ya pili. Siku ile niliingia na gia ya tatu, nikashika breki katikati ya mteremko, na kwa mara ya kwanza nikahisi uzito ukinisukuma mgongoni. Lori lilipunguza mwendo taratibu mno. Kijito kilikuwa kimepanda juu ya kalavati, maji mekundu ya magoti, nasi tukayapita kwa kishindo, yakaruka hadi kwenye kioo. Magurudumu yakazama kwenye maji na breki zikazama nayo. Leo najua kwamba ukitoka majini unakanyaga breki polepole huku unaenda, mpaka zikauke na zirudishe nguvu, ndipo unapanda. Nimelifundisha jambo hilo kwa mamia ya watu. Siku ile nilikanyaga mafuta tu. Tulipanda nusu ya kilima, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, matope yakaruka, injini ikakohoa, ikafa.

Nilikanyaga breki, nikavuta ya mkono mpaka mwisho. Lori lilisimama, lakini lilisimama likitetemeka. Athumani alikuwa ameshashuka. Nikasikia kofi moja ubaoni. Breki zote mbili, nikashika. Nikasikia kitanzi cha kamba kikitoka kwenye ndoano, nikasikia viatu vyake vya mpira matopeni vikielekea nyuma. Mvua ilikuwa imeongezeka, ikigonga paa la kabini. Kisha yakaja makofi mawili, makavu, ya kiganja kipana, upande wa kushoto. Halafu sauti yake: "Usiachie! Naweka jiwe na huku kulia! Halafu tupakue nusu hapa hapa!" Nilitazama kioo, sikumwona. Nilimwona askari wa lango juu ya kilima, amesimama na mwavuli, anatutazama, na nyuma yake mwenye nyumba mwenyewe. Nikafikiria simu. Nikafikiria mchanga ukimwagwa barabarani mbele ya lango la mtu mkubwa. Nikawasha injini, nikatia gia ya kwanza, na nikaachia breki ya mkono.

Injini haikushika. Lori lilirudi nyuma, nikahisi gurudumu la kushoto likipanda juu ya kitu kigumu, likakaa hapo kwa kiasi cha pumzi moja. Gogo lilijaribu. Lingekuwa gari la mbao mbili, nina hakika lingesimama. Kisha ardhi laini ikalimeza, gurudumu likapita juu, na lori zima likateremka hadi likajibamiza kwenye ukuta wa kalavati. Athumani alikuwa ameinama hapo, akiokota jiwe la gurudumu la kulia.

Sitaeleza alivyolia. Mafundi walikuja wakikimbia na masepetu, wakapanda juu wakaanza kumwaga mchanga kijitoni ili lori lipungue uzito wapate kulisukuma. Kwa hivyo askari wa traffic walipofika, kichuguu kilikuwa kimekwisha kwenda na maji, na ndani ya bodi ulibaki mchanga wa mtu mwenye akili. Lakini kabla hawajafika, Athumani akiwa amepoteza fahamu na wote wamemzunguka, mimi nilipanda hatua kumi mlimani. Niliona ncha ya gogo ikitokeza kwenye matope, hasa pale alipoliweka. Nikalivuta kwa kamba yake. Lilikuwa limepasuka upande wa mteremko, ufa mrefu kama kidole. Nikalisuuza kwenye maji yaliyokuwa yakitiririka kando ya barabara, nikarudi nalo, nikalitundika kwenye ndoano. Sikumbuki nikiamua. Nakumbuka kwamba mikono yangu haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Afisa aliyeandika maelezo alikuwa mpole, mtu wa makamo. "Utingo alikupa ishara gani?" Nikasema, "Kofi moja. Nilishika breki. Zilikuwa na maji, zikaachia. Nilingoja mawili, sikuyasikia." Akatembea hadi kwenye ndoano, akalitazama gogo lililotundikwa kwa utaratibu mahali pake, akaandika. Jioni pale Dagoretti Corner nilikaa nyuma ya kibanda cha Mama Wairimu, nikawasikia mbele, upande wa pili wa mbao. "Pole kwa mzee, lakini huyo taniboi alilala." "Miaka imeenda, buda. Gogo hata haikutoka kwa hook." "Afadhali Mbugua hakuumia." Nikasikiliza mpaka wakanyanyuka. Ningeweza kuzunguka kibanda.

Walimkata mguu chini ya goti. Nilienda kumwona siku ya nne, nimebeba pakiti mbili za maziwa. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimesogezwa karibu karibu, harufu ya dawa na nguo mbichi, kwa kuwa kila mgeni alikuja amelowa. Kabla sijaingia nilisikia sauti ya Bi. Zainabu, ya chini, yenye machozi ndani yake, na nikasimama mlangoni. "Siku zote unapiga mawili. Kila siku unanihadithia, makofi mawili, makofi mawili. Siku hiyo ulikuwa unafikiria nini, Athumani? Mkono ulikuwa wapi?" Naye akajibu, "Sikumbuki, mama Salim. Wallahi sikumbuki. Nakumbuka nikishuka. Wanasema gogo lilikuwa kwenye ndoano." Akaongeza, "Labda nilizeeka siku ile."

Nikaingia. Bi. Zainabu akafuta uso, akanipisha kiti. Athumani aliponiona alijaribu kuketi, nami nikamzuia kwa mkono. "Dereva," akasema, "uliumia?" Nikasema hapana. "Alhamdulillahi. Nisamehe, mwanangu. Nilikusumbua kwa maneno asubuhi yote, kumbe mimi ndiye nitakayechelewa." Maziwa yalikuwa bado mikononi mwangu. Nikamwambia, "Usijali, mzee." Hayo ndiyo maneno niliyoyachagua. Nilimsamehe mara ya kwanza pale, na mara ya pili uani msikitini, na kati ya hizo mbili nilipewa nafasi ya kusema kweli kila nilipokutana naye.

Mzee Gatheru hakunipa lori jipya. Alinitazama siku moja kwa muda mrefu, akasema, "Kichuguu nilikiona," na mwisho wa mwezi nikatafuta kazi kwingine. Hakusema zaidi, kwa kuwa yeye pia alikuwa dirishani. Nilipoondoka nilichukua gogo. Nikaendesha malori mengine, na nikaendesha vizuri, kwa hofu, na hofu ile watu wakaiita ujuzi. Hatimaye nikawa mwalimu katika shule moja ya udereva Kilimani, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Wanafunzi wangu walikuwa vijana wa maofisini waliotaka leseni ya gari dogo, lakini nilipopata darasa la malori niliweka gogo mezani. Pima mzigo ukiwa umelowa, si ulivyokuwa mkavu. Ingia mteremkoni na gia utakayotoka nayo. Acha nafasi mbele yako mara mbili, kisha uongeze. Kausha breki ukitoka majini. Usigeuze usukani kwa ghafla. Usiachie breki mpaka umwone mtu wako kwenye kioo. Na ukiwa na shaka, pakua, hata kama ni mbele ya lango la mfalme. Kisha nikawahadithia. Nilisema, "Nilikuwa na utingo mzuri sana, lakini siku moja alipiga kofi moja." Walitikisa vichwa kwa huzuni. Kila sheria niliyowapa ilitoka kwenye mguu wa Athumani, na bado nikamwacha yeye awe kosa la hadithi.

Yeye alikaa kwenye kizingiti cha duka la shemeji yake akitengeneza miavuli. Alikuwa na boksi la mbavu za chuma na vitambaa, na mvua ikinyesha watu walipanga foleni. Nilipita mtaa ule upande wa pili mara nyingi kuliko nilivyopita upande wake. Nilipopita upande wake aliniona kabla sijamwona. "Dereva wangu!" aliita, akawaambia wateja, "Huyu ndiye dereva wangu." Siku moja alinitengenezea mwavuli, akakataa hata nimshukuru.

Siku ya tatu baada ya maziko nililifunga gogo ndani ya gunia nikaenda nalo mjini. Ngazi ni zile zile, za saruji iliyolika katikati. Chumba kimeongezwa cha pili, lakini mkeka upo, na pazia lipo. Salim alinipa kahawa. Ana umri mkubwa sasa kuliko aliokuwa nao baba yake mwaka ule, na ana viganja vile vile. Nililifungua gunia nikalitoa gogo, nikasema nimekuja kulirudisha. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akalipapasa upande wa mteremko.

"Na hii ufa?"

Aliligeuza tena. Yeye ni fundi wa mbao, ana duka Ngong Road, anaujua mti uliopasuka kwa kukauka na mti uliokanyagwa. Niliona macho yake yakifika pale nilipotaka yafike na nilipoogopa yafike.

"Mzee," akasema polepole, "hii imepitiwa na gari."

Nikamwambia. Nilimwambia kichuguu, breki ya mkono, matope, ndoano. Nilipomaliza, sauti ya kikongwe ikatoka nyuma ya pazia. "Salim, ni nani?"

"Ni dereva wa baba, mama."

"Mwambie ahsante kwa kumsamehe."

Salim alifunga macho. Alipoyafungua alikuwa ananong'ona. "Mama yuko eda, huwezi kwenda kukaa mbele yake, na mimi sitayasema haya kwa mdomo wangu kama maneno yangu. Amemlaumu baba miaka hii yote. Wakigombana kwa jambo lolote, mwisho wake ni kofi moja. Baba ananyamaza." Akaliweka gogo sakafuni kati yetu. "Uliniambia mbele ya watu umemsamehe."

"Ndiyo."

"Basi andika. Umesoma, si ndiyo? Andika mwaka wote, usitie urembo, ulete. Nitakaa kando ya pazia nimsomee. Atakalosema, utaambiwa."

Hakunisindikiza kwenye ngazi. Nimeandika kwa siku kumi na moja, hapa mezani, na nimefuta kila mahali nilipojihurumia, ingawa huenda pamebaki pengine.

Bi. Zainabu, nilikula mahamri yako saba, na nilisimama mlangoni mwa wodi ulipomuuliza mumeo swali ambalo hakuwa na jibu lake. Jibu nilikuwa nalo mimi. Kofi la kwanza lilikuwa la kunisimamisha, nikasimama. Kisha alitoa gogo, akaenda nyuma, akaliweka chini ya gurudumu la kushoto, sawasawa, kwa wakati. Kisha akapiga tena ubao. Mvua ilikuwa kubwa lakini niliyasikia vizuri kama ninavyosikia saa ya ukutani sasa hivi. Yalikuwa mawili.